Somo la Utunzaji wa Magari ya Chama: Taa za Mbele Zilizoingia Ukungu



Katika somo lililopita tulizungumzia matairi. Leo tunageukia taa za mbele, ambazo vyama vingi huzikumbuka pale tu dereva anaposimamishwa na askari wa usalama barabarani, au gari linapokuwa limekwisha kuingia mtaroni. Lori la chama aghalabu hufanya kazi usiku. Mboga na matunda yaendayo Kariakoo hupakiwa shambani jioni ili yafike sokoni kabla ya alfajiri, na wakati wa msimu dereva hurudi na mifuko ya mbolea katika barabara isiyo na taa hata moja. Juu ya lori hilo imo mali ya wanachama, na mara nyingine wamo wanachama wenyewe. Kwa hiyo uamuzi wa kuisugua taa yenye ukungu au kununua nyingine haufai kuachiwa dereva peke yake. Ni uamuzi wa Bodi, na Katibu hana budi kuuelewa.

Asili ya ukungu

Madereva wa zamani walioendesha Bedford na Land Rover hawakuujua ugonjwa huu. Taa za magari yale zilikuwa na kioo halisi, ambacho kiliweza kupasuka kwa jiwe lakini hakikugeuka manjano. Kuanzia miaka ya 1980 watengenezaji walianza kukiacha kioo na kutumia plastiki ngumu iitwayo polikaboneti. Plastiki hiyo ni nyepesi, haivunjiki upesi, tena hufinyangwa katika umbo lolote. Adui yake ni jua. Kiwandani hupakwa utando mwembamba wa kuikinga na miale ya jua na mikwaruzo; utando huo ukishachakaa, plastiki yenyewe huanza kuungua polepole, ikawa ya manjano, kisha nyeupe kama maziwa. Magari yetu mengi yametumika Japani miaka kadhaa kabla ya kushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, na hapa hulazwa nje juani, penye vumbi na hewa ya chumvi. Si ajabu basi kwamba utando huo huishia mikononi mwetu.

Kiasi cha mwanga kinachopotea ni kikubwa kuliko macho yanavyokiri, kwa sababu dereva huuzoea upungufu kidogo kidogo. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizochakaa namna hii kikaona kwamba zilitoa takriban asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Zilizosuguliwa vizuri zilirudi hadi kiasi cha asilimia 70. Tarakimu hizo mbili zatosha kuiongoza Bodi: kusugua kuna faida kubwa kwa gharama ndogo, lakini hakuifanyi taa kuwa mpya.

Chunguza kabla ya kutoa fedha

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kununua kabla ya kuchunguza. Anza na maji. Mwaga maji safi juu ya taa uitazame ikiwa imelowa. Ikiwa ukungu unatoweka na kurudi pindi taa inapokauka, ugonjwa uko nje, na msasa utautibu. Ikiwa taa inabaki vilevile, ugonjwa uko ndani, na kuisugua nje ni kupoteza nguvu.

Ukungu wa ndani mara nyingi ni unyevu. Umande mwepesi unaotoweka taa ikiwashwa kwa muda si hoja. Lakini matone yanayosimama, au maji yaliyotuama chini, yana njia yaliyoingilia: ufa, gundi iliyoachia pembeni, au kile kifuniko cha mpira cha nyuma ambacho fundi alikitoa alipobadilisha balbu akasahau kukirudisha. Sababu hii ya mwisho ni ya kawaida mno, na dawa yake ni mpira wa bei ndogo. Taa ifunguliwe nyuma, ianikwe mpaka ikauke kabisa, tundu lake dogo la kupumulia lisafishwe vumbi, ndipo ufa uzibwe. Ukiuziba kabla taa haijakauka, umeyafungia maji ndani.

Halafu chungulia kikombe kinachong'aa nyuma ya balbu, ambacho mafundi hukiita rifulekta. Hicho ndicho kinachoukusanya mwanga na kuutupa mbele. Kama rangi yake ya fedha imebanduka au imeungua ikawa nyeusi, taa hiyo imekwisha, hata kama uso wake wang'aa kama sahani mpya. Hapo ndipo fedha ya kununua inapostahili kutolewa.

Mwisho tazama balbu na nyaya. Magari madogo na pikapu nyingi hutumia umeme wa volti 12, malori mengi volti 24. Balbu ya volti 24 ikifungwa katika gari la volti 12 hutoa mwanga mwekundu hafifu, na lawama ikaiendea taa isiyo na kosa. Waya wa ardhi ulioshika kutu huleta dalili hiyo hiyo. Wapo pia wanaokimbilia balbu yenye wati 100 mahali palipowekewa ya wati 60. Joto lake huunguza rifulekta na kuyeyusha soketi, na chama kikalazimika kununua taa ambayo ilikuwa nzima.

Kusugua

Kazi yenyewe ni ya nusu siku kwa kijana mwangalifu. Osha taa kwa sabuni, kisha bandika utepe wa karatasi kuizunguka ili rangi ya bodi isikwaruzwe. Tumia msasa wa maji, ukianza na namba 600 au 800 kwa taa iliyoharibika sana, kisha 1000, kisha 2000, na kama wapatikana, 3000. Taa na msasa vilowe wakati wote. Kila namba isugue kwa mwelekeo unaokatiza ule wa namba iliyotangulia. Hivyo utaona wazi mikwaruzo ya kwanza ilipokwisha. Usihamie namba nyingine kwa haraka, kwani mkwaruzo wa 800 hauondolewi na 3000. Baada ya msasa taa itaonekana mbaya kuliko ulivyoianza, na hapa wengi hukata tamaa. Endelea na dawa ya kung'arisha rangi ya gari kwa kitambaa laini, nayo itafunguka.

Sasa jambo ambalo wasugua taa wa kando ya barabara aghalabu huliacha, kwa kuwa mteja halioni: kuurudisha utando. Taa iliyosuguliwa iko uchi, na bila kinga ukungu utarudi baada ya miezi michache. Ipakwe ile rangi angavu ambayo wapiga rangi huiita klia, ya aina inayochanganywa na dawa yake ya kukaushia na yenye kinga ya jua, kwa mkono mwepesi, mahali pasipo vumbi. Anayekuuliza bei ya kusugua muulize kwanza kama bei hiyo ina klia ndani yake.

Dawa ya meno hung'arisha kwa siku chache tu. Petroli na dawa ya mbu zisiguse plastiki hii kabisa, maana huitia nyufa ndogo ndogo zisizosuguliwa zikaisha. Kadhalika kile kikombe cha umeme kinachotoa mvuke wa kuyeyusha uso wa taa hutumia dawa ambayo mvuke wake ni hatari kwa mapafu. Hatushauri chama kuwapa vijana wake kazi hiyo.

Kununua Kariakoo

Ikiwa taa haitibiki, mjumbe wa chama atakuja Dar es Salaam, na karibu kila njia itamfikisha Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mgeni asidhani kuwa spea ziko ndani ya Soko Kuu, lile jengo la msanifu Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021. Spea huuzwa katika maduka ya mitaa inayolizunguka, na hasa upande wa Gerezani.

Atakuta taa za namna tatu: halisi mpya, za kuigiza mpya, na zilizotumika zilizovuliwa magari ya nje. Sisi twaona kwamba taa halisi iliyotumika, yenye rifulekta nzima, ni bora kuliko ya kuigiza yenye plastiki nyembamba. Lakini mwuzaji aeleze imetoka nchi gani. Sisi huendesha kushoto kama Wajapani, na mwanga mfupi wa taa zetu umenyanyuliwa kidogo upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara. Taa iliyovuliwa gari la Dubai au la Ujerumani hunyanyua mwanga upande wa kulia, moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Itafunga vizuri, itawaka vizuri, na itampofusha mwenzako.

Jambo jingine ni wizi. Wenye magari wengi mjini huchonga namba ya gari juu ya taa na vioo kwa sababu vifaa hivyo huibwa. Taa yenye namba iliyochongwa, au yenye mahali palipokwanguliwa kana kwamba kitu kimefutwa, irudishwe mezani hata ikiwa ni nusu ya bei. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na jina litakaloandikwa polisi ni la chama.

Mjumbe asitumwe na fedha za mfukoni. Apewe masurufu kwa hati ya malipo iliyoidhinishwa, pamoja na karatasi yenye aina ya gari, namba ya chesesi, na namba iliyopigwa chapa juu ya taa ya zamani. Lililo bora zaidi ni kuibeba taa yenyewe. Adai risiti ya mashine ya kodi yenye jina la chama. Wapo watakaomwambia kwamba bila risiti bei hupungua; mkaguzi wa hesabu hatakikubali kipande cha daftari, na tofauti hiyo ya bei itamwangukia mjumbe. Taa iwashwe pale pale dukani kwa betri, mwanga mrefu na mfupi. Ile ya zamani iandikwe katika daftari la stoo.

Kuilenga

Simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini, ukitie alama ukutani. Kwa magari madogo mengi, ukingo wa juu wa mwanga mfupi uwe kiasi cha sentimita 10 chini ya alama hiyo. Lori lijaribiwe likiwa na mzigo, kwa sababu uzito wa nyuma huinua pua, na taa iliyolengwa likiwa tupu itatazama matawi ya miti siku ya mavuno.

Kazi ya kikundi cha masomo

Gari la chama liletwe mbele ya ofisi jioni, wanachama wafanye jaribio la maji na la ukuta, kisha Katibu aandike matokeo. Mjadili: ni nani katika chama chenu anayeidhinisha ununuzi wa spea? Mara ya mwisho taa iliponunuliwa, risiti yake iko wapi, na ile ya zamani ilikwenda wapi?