Matembezi ya Kila Siku na Hesabu ya Kalori

Karani anayeishi Mbagala na kufanya kazi Posta hutembea robo saa kutoka nyumbani hadi kituoni, na akishuka mjini hukata robo saa nyingine hadi ofisini. Jioni hurudi vivyo hivyo. Hiyo ni saa nzima kwa miguu, siku 5 kwa wiki, na jimu hajawahi kuingia. Siku anapoweka programu ya kuhesabu kalori kwenye simu, anakwama: matembezi hayo ayaandike kama mazoezi au ayaache?

Kwa upande wa afya hakuna mjadala: ni mazoezi. Moyo haujui kama mtu anawahi daladala au anakimbia ufukweni Coco. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, na uliondoa sharti la zamani kwamba kila awamu ifike dakika 10. Wastani maana yake pumzi imepanda: mtu anaongea, lakini kuimba hawezi. Kwa watu wengi huo ni mwendo wa hatua 100 hivi kwa dakika. Kujikokota Kariakoo ukichagua vitenge, hata kwa saa mbili, hakufiki hapo.

Ushahidi wa hilo ni wa zamani. Huko London, mtafiti Jerry Morris na wenzake walilinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa, na matokeo yakachapishwa 1953. Makondakta waliugua moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva. Hawakuwa wanamichezo, walipanda na kushuka ngazi kutwa nzima wakikata tiketi.

Kalori ni kesi nyingine, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Kabla ya yote, programu humuuliza mtumiaji umri, urefu, uzito na kiwango chake cha shughuli. Tuseme mwili wa karani wetu, ukiwa umepumzika tu, hutumia kalori 1,500 kwa siku. Akijaza kwamba ni mtu wa kukaa, programu nyingi huzidisha kwa 1.2 na kumpa 1,800. Akijaza kwamba hujishughulisha kidogo, huzidisha kwa 1.375, na anapata karibu 2,060. Katika tofauti hiyo ya kalori 260 ndimo matembezi yake yalimo. Akiyaandika tena jioni kama zoezi, yamehesabiwa mara mbili, na sahani ya pili ya wali imepata kibali.

Isitoshe, uzito alionao leo ameupata akiwa anatembea njia hiyohiyo. Ikiwa kitambi kimeota huku anatembea saa nzima kila siku ya kazi, matembezi hayo hayawezi kumpunguza leo kwa sababu tu yameingia kwenye simu.

Halafu kiasi chenyewe ni kidogo kuliko tunavyopenda kuamini. Mtu wa kilo 70 akitembea nusu saa kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa hutumia kalori 120 hivi. Kati ya hizo, kama 35 angezitumia hata angekaa kibarazani. Nyongeza halisi ni 85. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina karibu 120, na mama lishe hapimi kwa kijiko.

Saa za mkononi zinazohesabu kalori nazo zisiaminiwe kupita kiasi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima vifaa 7 vya aina hiyo. Vingi vilisoma mapigo ya moyo vizuri, lakini kwenye kalori hata kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27.

Kuhusu matembezi na kalori, mfano wa karibu na nyumbani zaidi uko kando ya Ziwa Eyasi. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake walipima nishati wanayotumia Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji, na matokeo yakachapishwa 2012. Wanaume walitembea kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6. Hata hivyo, ukubwa wa miili ulipozingatiwa, jumla ya nishati yao kwa siku haikupishana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Sababu bado zinajadiliwa, lakini anayeongeza kalori kwenye sahani kwa kila hatua aliyopiga ana haki ya kusita.

Kwa hiyo chagua kiwango cha shughuli kinacholingana na maisha yako, matembezi ya kawaida yakiwemo, kisha usiyaandike tena. Andika yale mapya tu, mathalani kushuka daladala vituo viwili kabla, na hata hayo yaandike nusu. Jipime asubuhi kabla ya kula, kwa mzani uleule, kwa wiki 4. Uzito usiposogea, punguza chakula kidogo badala ya kubishana na simu.

Mwenye kisukari anayetumia insulini aongee na mhudumu wake wa afya kabla ya kuongeza mwendo, kwani sukari yake inaweza kushuka akiwa njiani.