Maua yananyauka kabla sijamaliza picha

Swali: Nachora maua kwa rangi za mafuta hapa Kalundu, Uvira. Haibiskasi zinanyauka upesi, na picha yangu inaonekana imejaa mno. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu, ua la haibiskasi kwa kawaida hudumu siku moja tu. Lipake kwanza, asubuhi ileile, pamoja na kivuli chake. Bugenvilia itakungoja: rangi yake imo kwenye majani laini yanayozunguka viua vidogo vyeupe. Mholanzi Rachel Ruysch (1664–1750) aliunganisha katika picha moja maua ya misimu tofauti, nawe una ruhusa hiyo.

Mwanga wa Uvira unataka akili. Asubuhi jua hutokea upande wa ziwa na kupiga moja kwa moja, kwa hiyo tumia dirisha linalotazama milima ya Mitumba. Vivuli vitatulia hadi adhuhuri.

Kuhusu kujaa: ua moja litawale, nje kidogo ya katikati, kingo zake ziwe kali. Mengine yageuze mgongo, yajifiche nusu, yafifie gizani. Napenda sana ua lililogeuka. Shina lake linaonyesha uzito wa shada.

Tabaka za chini ziwe nyepesi, zenye tapentaini. Mafuta ya kitani yaongezeke juu, la sivyo rangi itapasuka.