Vilainishi Yabisi vya Nano katika Tiba: Je, Utelezi Pekee Unatosha?

Msuguano ni ukinzani unaotokea pale nyuso mbili zinapoteleza zikiwa zimegusana. Katika mashine hupunguzwa kwa oili au grisi. Kifaa cha tiba kilichomo mwilini hakiwezi kupakwa grisi. Ndiyo maana watafiti wa afya wanavifuatilia vilainishi yabisi, yaani vitu vikavu vyenye utelezi wa asili, kama grafiti iliyomo ndani ya penseli.

Tatizo kinywani

Mgonjwa anayenyooshwa meno huvaa waya unaopita katika vibanio vidogo vilivyogandishwa kwenye meno. Jino likisogea, kibanio huteleza juu ya waya. Msuguano ukiwa mkubwa, sehemu ya nguvu hupotea kabla ya kulifikia jino, na daktari hulazimika kuiongeza. Nguvu iliyozidi huweza kuyavuta mbele magego yaliyokusudiwa kubaki mahali pake kama nanga, na huongeza hatari ya mizizi ya meno kulika na kufupika.

Chembe zinavyofanya kazi

Tangsteni disalfaidi ni kilainishi yabisi chenye matabaka. Kila tabaka lina atomi za tangsteni zilizobanwa kati ya safu mbili za atomi za salfa. Ndani ya tabaka atomi zimeungana kwa nguvu, ila baina ya matabaka mshikamano ni dhaifu, hivyo yanateleza kama karata. Kasoro yake ni kwamba kingo za vipande hivyo hushikana na metali kikemikali.

Mwaka 1992, Reshef Tenne na wenzake wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walionyesha kwamba katika kipimo cha nano matabaka hayo hujikunja na kujifunga, tabaka ndani ya tabaka, mithili ya kitunguu. Chembe ya namna hiyo haina kingo. Huviringika kama gololi ya beringi. Na ikibanwa sana, matabaka yake membamba hubanduka na kuifunika metali, yakaendelea kuilainisha.

Mwaka 2008, Meir Redlich na wenzake walichapisha matokeo ya waya za chuma cha pua zilizopakwa utando wa nikeli na fosforasi uliochanganywa na chembe hizo. Katika vipimo vya maabara, msuguano ulipungua kwa kiasi kilichofikia asilimia 54.

Fundisho la nyonga

Matokeo hayo yanatia moyo. Hata hivyo, kulainisha kwa kubanduka kunazua swali: kinachobanduka huenda wapi? Historia ya nyonga bandia inatuonya tusilipuuze.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari bingwa wa mifupa wa Uingereza, John Charnley, alitengeneza vikombe vya nyonga kwa Teflon, kilainishi yabisi chenye utelezi mkubwa. Wagonjwa walipata nafuu upesi, lakini baada ya miaka michache vikombe vililika, na vumbi lake likachochea uvimbe katika tishu. Charnley alijipandikizia pajani Teflon iliyosagwa. Miezi tisa baadaye uvimbe ulikuwa bado unapapasika. Mwaka 1962 aligeukia polithini ngumu, ambayo ina msuguano mkubwa kuliko Teflon lakini hulika polepole zaidi. Hata hiyo, ilikuja kubainika, hutoa chembe ambazo zikimezwa na seli za kinga huweza kusababisha mfupa unaozunguka kiungo kumomonyoka.

Kwa hiyo, msuguano mdogo na ulikaji mdogo ni mambo mawili tofauti, na tiba inavihitaji vyote viwili. Waya wenye utando wa nano hauna budi kupimwa pia kwa kiasi cha chembe na nikeli kinachoachwa kwenye mate katika miezi yote ya matibabu. Nikeli ni miongoni mwa visababishi vya kawaida vya mzio wa ngozi. Kwa hiyo msomaji ambaye hereni, saa au kifungo cha suruali humwasha amweleze daktari wa meno kabla ya kufungwa waya wowote.