Nianze na mchoro upi?

SWALI: Tunatengeneza programu ya kutunza hesabu za ushirika wa wachuuzi wanaovuka mpaka wa Petite Barrière kwenda Goma. Nimefungua mradi mpya wa UML na kukuta aina nyingi za michoro. Nianze wapi? – Msomaji, Gisenyi

JIBU: Ufunge huo mradi kwanza, uende ukakae na wachuuzi wenyewe ukiwa na karatasi na kalamu. UML, lugha ya kuchora mifumo ya programu iliyopitishwa na shirika la OMG mwaka 1997, sasa ina aina 14 za michoro. Wewe zinakutosha mbili.

Wa kwanza ni wa matumizi: nani anafanya nini. Mchuuzi anaandikisha mzigo, mweka hazina anapokea michango. Huu hauchukui muda.

Wa pili, wa klasi, usiuharakishe. Chora Mchuuzi, Mzigo, Safari na Malipo, kisha uliza maswali magumu. Je, mzigo mmoja unaweza kuwa wa watu wawili? Na fedha je? Mpakani hapo zinapita faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola. Kwa hiyo Malipo lazima yabebe aina ya sarafu na kiwango cha ubadilishaji cha siku ile. Ukilisahau hilo sasa, utakuja kuibomoa hifadhidata nzima ikiwa tayari imejaa hesabu za watu.

Kuhusu zana, napendelea PlantUML: ni ya bure, michoro yake huandikwa kama maandishi, na ukiisakinisha kwenye kompyuta yako haihitaji intaneti. Hifadhi mafaili yake pamoja na msimbo, na kabla ya kuanza kuandika programu, mwonyeshe mweka hazina michoro yote miwili.