Usaili wa Mchezo wa Kuigiza wa Mauaji

Usaili wa mchezo wa kuigiza wa mauaji humtaka msailiwa afiche. Katika michezo mingine mwongozaji hutafuta mtu wa kuonyesha hisia. Katika mchezo wa upelelezi hutafuta mtu mwenye hisia asiyezimwaga zote, ili watazamaji wamshuku bila kuwa na hakika. Ndiyo maana anayelia kwa kishindo kuliko wenzake mbele ya jopo huishia kupewa nafasi ya jirani anayeikuta maiti, akapiga ukelele wake na kutoka.

Kwa wasailiwa wa Mkoa wa Mara, mfano wa mauaji ya jukwaani hauko mbali. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya kuuawa kwa Kaizari. Tafsiri ilitoka mwaka 1963, na ile iliyorekebishwa, Juliasi Kaizari, mwaka 1969. Humo hakuna fumbo, maana Kaizari anachomwa visu kweupe. Hata hivyo hotuba ya Antony kwenye mazishi ni zoezi zuri kwa anayejiandaa kusailiwa: anawasifu wauaji huku akiwachongea, na umati unamfuata bila kujua umeanza kumfuata lini. Akiombwa aje na kipande cha kukariri, msailiwa wa Musoma au Bunda hana haja ya kutafuta mbali.

Fumbo lenyewe, kwa Kiswahili, limekaa zaidi kwenye riwaya. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi, ilimleta Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafikiye Najum. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo. Anayesoma vitabu hivi kwa ajili ya usaili aache kumwangalia mpelelezi tu, awaangalie wanaohojiwa: nani anajibu haraka mno, nani anajibu swali ambalo hakuulizwa. Nafasi ya mpelelezi hugombewa na wengi, lakini kazi yake kubwa ni kusikiliza. Walioijia kwa mikogo huchujwa mapema.

Ugumu mkubwa kwa waigizaji wa vikundi vya mitaani ni mswada. Maigizo ya Tanzania yamelelewa na ubunifu wa papo kwa papo. Vichekesho vilivyoingizwa kwenye maonyesho ya makundi kama Muungano na Tanzania One Theatre miaka ya 1990 vilifuata kisa kilichokubaliwa, maneno yakaachiwa mwigizaji. Sanaa za maonyesho kwa maendeleo nazo, kama mradi wa Malya, Kwimba, mwaka 1982 na 1983, ziliwapa wanakijiji nafasi ya kuigiza matatizo yao wenyewe kisha kuyajadili. Ni utamaduni wenye nguvu, na anayetoka humo huja kwenye usaili na wepesi ambao darasani haupatikani. Ila mchezo wa mauaji umejengwa juu ya maneno mahususi. Shahidi akitakiwa kusema “saa mbili” akasema “jioni jioni hivi,” kidokezo kimepotea, na mwisho wa mchezo utaonekana kama uchawi. Jopo likimpa msailiwa ukurasa asome, ausome ulivyoandikwa. Likimwambia atunge mwenyewe, hapo ndipo aachie kipaji chake.

Tuseme ukurasa huo unahusu mfanyabiashara wa dagaa aliyekutwa amekufa ghalani, karibu na mwalo. Mpelelezi anamwuliza mjane: “Taa ilikuwa inawaka?” Mjane anajibu: “Mimi nilikuwa nimelala, baba.” Msailiwa wa kwanza anatetemeka na kufuta machozi, na watazamaji wanamhukumu papo hapo. Wa pili anajibu kavu, nao wanamwachilia mapema mno. Wa tatu anamalizia kwanza kukunja kanga iliyo mkononi, ndipo anajibu kwa heshima ile ile ambayo angemjibu mgeni yeyote. Jibu lake halijagusa swali la taa, na sasa kila mtu anaiwazia taa. Huyo wa tatu ndiye anayeitwa tena. Kabla ya kusoma, inafaa kumwuliza mwongozaji, “Mhusika huyu anajua nini wakati huu?” Swali hilo halionyeshi udhaifu, majopo mengi hulipenda.

Kuhusu matamshi, wazungumzaji wengi wa Kanda ya Ziwa huzipishanisha r na l. Kwa mhusika mvuvi au mama wa sokoni hilo ni rangi ya mahali, wala lisifutwe kwa nguvu. Hakimu au daktari aliyetoka mbali huenda akahitaji mazoezi. Sauti ni jambo jingine: maonyesho mengi hufanyika uwanjani au kwenye kumbi za madirisha wazi, na upepo wa ziwa hula mwisho wa sentensi, mahali ambapo kidokezo hupenda kukaa. Msailiwa azungumze na mtu aliye nyuma kabisa, bila kupayuka. Mavazi yawe ya kawaida. Anayekuja na koti refu na miwani myeusi amejichagulia nafasi kabla hajaulizwa.

Orodha ya majina ikitoka, kazi ya kuficha inaendelea nje ya jukwaa. Huko London, The Mousetrap ya Agatha Christie, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1952, huwaomba watazamaji wasimtaje muuaji wakitoka ukumbini. Mjini Musoma, ambako mwigizaji na mtazamaji hukutana kesho yake sokoni, ombi hilo huwahusu kwanza waigizaji na jamaa zao. Aliyekosa nafasi asiondoke upesi: kikundi bado kinahitaji mshika mswada wa kumkumbusha aliyesahau, na mtunza vifaa wa kuhakikisha kisu kiko kwenye droo kabla ya onyesho la pili kuanza. Mshika mswada huyajua maneno ya wote, na mwigizaji akiugua wiki ya mwisho ndiye anayeitwa kwanza.