SOMO LA CHAKULA: MAKARONI YA KUOKA KWA MAZIWA NA JIBINI

Shabaha ya somo

Mkoa wa Rukwa unasifika nchini kwa mavuno ya mahindi, na uwanda wa Ufipa una pia ng'ombe, maharagwe, ulezi na ngano. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Sababu za kudumaa ni nyingi: maradhi, maji yasiyo salama, uchovu wa mama mwenye kazi nyingi, na chakula cha aina moja. Katika nyumba nyingi magunia hupimwa na kuandikwa kwa uangalifu, maziwa huuzwa yote asubuhi, na jioni mtoto hupewa ugali na mboga kidogo.

Elimu ni msingi wa tano kati ya misingi saba ya ushirika, wala haikomei kwenye daftari la fedha. Wazee watakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 na ile ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975, ambamo watu walikaa kwa makundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatenda. Somo hili lifuatwe kwa mtindo huo huo. Katibu alisome kwa sauti, wanachama walijadili, kisha lipikwe.

Chakula chenyewe

Makaroni hutengenezwa kwa unga wa ngano, na huuzwa yakiwa makavu. Si kitu kigeni kabisa, maana ndugu zake tambi hupikwa pwani kwa sukari na nazi tangu zamani. Lakini ieleweke kwamba makaroni, sawa na ugali, hasa ni chakula cha kutia nguvu. Katika somo hili vinavyojenga mwili zaidi ni maziwa na jibini. Mtu anayekula makaroni kwa mafuta na chumvi pekee hajabadili chakula. Amebadili umbo lake tu.

Vinavyotakiwa kwa watu 6

Makaroni nusu kilo, maziwa lita 3, malimau 3, unga wa ngano vijiko vikubwa 5, siagi, samli au mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 4, kitunguu 1, chumvi, na kipande cha mkate mkavu kilichosagwa.

Kutengeneza jibini

1. Chukua lita 2 za maziwa, uyachemshe huku ukikoroga. Maziwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu na homa ya ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe. Kwa hiyo yasitumiwe kamwe bila kuchemshwa.

2. Epua, kisha tia maji ya limau kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga polepole. Maziwa yakigawanyika, mabonge meupe upande mmoja na maji ya rangi ya majani makavu upande mwingine, acha kutia.

3. Chuja kwa kitambaa safi, kamua, tia chumvi kidogo. Hupatikana kiasi cha gramu 300 hadi 400 za jibini. Itumike siku hiyo hiyo.

4. Maji yaliyochujwa yasimwagwe. Yanafaa kupikia uji au kukandia unga.

Jibini ya limau haiyeyuki kwa moto kama ile ngumu ya dukani. Hiyo ni tabia yake, si kosa la mpishi. Kwa sababu hiyo ivunjwe iwe chembechembe ndogo, ili ienee chakula chote.

Kupika na kuoka

1. Chemsha maji mengi yenye chumvi, tia makaroni, koroga. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kwa hiyo muda ulioandikwa kwenye pakiti hautoshi. Ongeza dakika chache, na uonje. Yakilainika huku kiini kikiwa bado kigumu kidogo, yachuje.

2. Katika sufuria nyingine kaanga kitunguu kwa mafuta, tia unga, ukoroge dakika 2 bila kuuacha ubadilike rangi. Epua. Tia lita 1 ya maziwa yaliyochemshwa, kidogo kidogo, ukikoroga mpaka mabonge yaishe. Rudisha kwenye moto mdogo hadi mchuzi uwe mzito wa kushika mwiko.

3. Changanya mchuzi, makaroni na nusu ya jibini. Mimina katika sufuria nzito iliyopakwa mafuta. Juu nyunyiza jibini iliyobaki pamoja na mkate uliosagwa.

4. Asiye na joko atumie moto wa juu na chini, kama waokavyo keki: makaa machache chini, na mengi zaidi juu ya mfuniko bapa. Baada ya dakika 20 hadi 25 juu patakuwa pamekauka na kuwa na rangi ya kahawia.

Jibini ikitengenezwa mchana, kazi ya jioni hupungua, na wakati wa kuoka mpishi aweza kumhudumia mtoto au kuoga.

Tahadhari: baridi ya Ufipa ya mwezi wa Juni na Julai huwashawishi watu kuingiza jiko la mkaa katika chumba cha kulala. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu usingizini. Jiko libaki nje au mahali penye hewa ya kutosha.

Hesabu ya kikundi

Huenda kikundi cha wanachama kikataka kuuza chakula hiki siku ya mkutano mkuu. Hapo ndipo katibu ahitajikapo. Tuchukue bei za mfano tu: makaroni sh. 3,000, maziwa lita 3 kwa sh. 1,500, jumla sh. 4,500, mafuta sh. 1,000, unga sh. 300, malimau, kitunguu, chumvi na mkate sh. 700, mkaa sh. 1,000. Gharama yote ni sh. 10,500. Kwa sahani 6, kila sahani imegharimu sh. 1,750.

Kosa la kawaida ni kuyaacha maziwa nje ya hesabu kwa kuwa "yametoka nyumbani". Gharama huonekana kuwa sh. 6,000, yaani sh. 1,000 kwa sahani. Kikundi huuza kwa sh. 1,500 na kushangilia faida ya sh. 500, kumbe kimepoteza sh. 250 kwa kila sahani. Mwenye ng'ombe ndiye aliyeilipa hasara hiyo bila kujua, na akichoka kutoa maziwa kikundi hufa. Kila kilichotolewa na mwanachama kiandikwe kwa bei ya soko, kisha alipwe.

Maswali ya kujadiliwa

1. Kati ya maziwa yanayokamuliwa nyumbani kwako, ni kiasi gani hubaki kwa watoto?
2. Kwa nini makaroni matupu hayatoshi kuujenga mwili?
3. Andikeni bei za soko lenu. Sahani moja imegharimu kiasi gani?
4. Nani katika nyumba huamua maziwa yauzwe au yabaki? Je, mama wa mtoto huulizwa?

Katibu aandike majibu ya swali la nne katika daftari la kumbukumbu, na swali hilo liulizwe tena baada ya miezi 3.