Dondoo muhimu: Miunganisho iliyolala hodhini

Ofisi ya wakala wa forodha Malaba inafunguliwa asubuhi, na ombi la kwanza linagoma. Hifadhidata ilishakata miunganisho iliyolala usiku kucha, lakini hodhi ya miunganisho (pool) bado inaihesabu kuwa mizima.

Kwa anayetumia Apache Commons Pool, anza na msafishaji wa vitu vilivyokaa bure. Muda wake wa awali ni -1, yaani haamki kabisa! Mpe dakika 1 au 2. Kila mzunguko hukagua vitu 3 tu. Hodhi ya vitu 50 itamshinda. Hapo ndipo uweke idadi hiyo iwe -1, akague vyote. Muda wa kukaa bure kabla ya kuondolewa ni dakika 30: ushushe uwe mfupi kuliko ule ambao hifadhidata husubiri kabla ya kukata. Washa pia upimaji wa vitu vilivyolala, kwani huja ukiwa umezimwa.

Hodhi bado haipungui? Tazama zamu. Boda boda zikifuata foleni, kila moja hupata abiria. Hodhi inayogawa kwa foleni hugusa kila kitu, kwa hiyo hakuna kinachokaa bure hadi kufikisha muda wa kuondolewa. Rudisha mpangilio wa awali: kilichorudi mwisho kitoke kwanza.